Msinilaze Kitandani, na Msinifanye Shujaa!

Najua nimepotea. Kuna walioniuliza kama nimeolewa kimyakimya (teh teh teh!), na kuna waliozisikia habari zangu kwenye mabanda ya chipsi hapa Makole kabla sijazisema mwenyewe. Acha basi nizisimulie kwa mdomo wangu, maana kwa jinsi zinavyotembea mtaani nimeshakufa mara mbili na kuzikwa mara moja.

Nina valvu mbovu. Inaitwa valvu ya mitral, ule mlango ulio upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma damu hiyo mwilini. Wangu umekakamaa na kingo zake zimeshikana, hivyo unafunguka kidogo tu. Nina miaka 28. Mbio nimekimbia tangu sekondari, siyo za kushinda medali, ni zile za kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kufunga kamba za raba na kuuwahi upepo wa Dodoma kabla haujaanza kurusha vumbi. Sasa nasubiri tarehe. Nitakwenda Dar es Salaam, nitafunguliwa kifua, na mlango ule utabadilishwa.

Sikuja kuomba pole. Pole nimezipata za kutosha. Leo nimekuja kugombana, na nitagombana na watu ninaowapenda.

Kundi la kwanza ni wale wa kitandani. Tangu siku ile nilipotoka kupimwa eko na kurudi nyumbani na karatasi mkononi, sijaruhusiwa kubeba hata ndoo ya lita kumi. Mama mdogo alinipokonya ufagio. Mjomba alipiga simu kutoka Kondoa akaagiza nikae tu, nile, nilale, nisubiri. Mwanangu, moyo ni moyo, hauchezewi! Raba zangu zilifichwa juu ya kabati nyuma ya sanduku la nguo za sherehe (nilizipata, msihangaike). Jirani mmoja akinikuta barabarani natembea huniuliza kwa sauti ya msibani, "Umeruhusiwa kweli, dada?" Kana kwamba nimetoroka lupango.

Kundi la pili ni wale wa ushujaa. Hawa wako kwenye simu yangu saa ishirini na nne. Wananitumia picha za machweo zenye maneno ya kutia moyo. Wananitumia habari za Nwankwo Kanu. Wananitumia John Stephen Akhwari, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Na tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia kule Tokyo, sina raha kabisa. Eti mtoto wa Singida, jirani zetu hapa, kaweza, wewe utashindwaje? Kimbia dada! Usiuruhusu ugonjwa ukushinde!

Makundi haya mawili yanadhani yanapingana. Mimi naona ni kundi moja. Wote hawajauliza swali hata moja kuhusu valvu yangu. Wa kwanza wananitazama wakaona jeneza, wa pili wananitazama wakaona bango la tangazo.

Ngoja nieleze mlango wenyewe unavyofanya kazi, maana daktari mmoja alinieleza kwa dakika tano tu nikaelewa mambo ambayo nilikuwa nayabahatisha kwa mwaka mzima. Mmewahi kwenda Uwanja wa Jamhuri siku Dodoma Jiji inacheza na Simba au Yanga? Fikiria geti limefunguliwa nusu. Watu wakija kwa mpangilio, taratibu, wote wataingia. Wakija kwa fujo, msongamano unarudi nyuma hadi barabarani na watu wanaanza kukanyagana. Moyo wangu ndivyo ulivyo. Kati ya pigo na pigo kuna muda mfupi ambao damu inapita kwenye mlango ule na kujaza chumba cha chini. Mapigo yakienda kasi, muda ule unakatwa. Damu haiwahi kupita, inarudi nyuma, na nyuma yake kuna mapafu. Mapafu yakishinikizwa unakosa pumzi, na hali ikizidi yanajaa maji. Ndiyo maana mtu kama mimi anapewa dawa za kupunguza kasi ya mapigo. Na ndiyo maana ule ushauri wa kukaza meno, ambao kwa mtu mzima wa afya ni ushauri mzuri tu, kwangu mimi ni ushauri wa kifo.

Niliujaribu, msidhani naongea hewani. Kabla sijajua ninaumwa nini, nilikuwa nakimbia ile njia ya kuelekea uwanja wa ndege, na kila wiki nilikuwa naishia karibu zaidi na nyumbani. Nikasema ni uvivu. Nikaongeza juhudi! Usiku nikawa siwezi kulala chali, naweka mito mitatu, nakohoa. Kituo kimoja kikaniambia ni vumbi la Dodoma, kikanipa dawa ya pumu ya kuvuta. Asubuhi moja nikasimama katikati ya njia, mikono magotini, midomo imekufa ganzi, na kijana wa bodaboda akanirudisha nyumbani bila kunidai hata mia. Siku hiyo nilikuwa nimejiambia kama wanavyoniambia wao sasa. Usisimame. Maliza!

Hebu turudi kwa hao mashujaa mnaonitumia. Akhwari namheshimu, na kila Mtanzania anapaswa kumheshimu. Lakini Akhwari aliumia goti. Goti linauma, unavumilia, unafika. Valvu haikuombi uvumilivu. Na Kanu? Mwaka 1996 alitoka Atlanta na dhahabu ya Olimpiki, akajiunga na Inter Milan, na madaktari wakakuta valvu ya aota ina kasoro. Hakuambiwa apige moyo konde acheze. Alisimamishwa! Akafanyiwa upasuaji mwaka huohuo, akapona, akarudi uwanjani 1997, na mwaka 1999 alikuwa Arsenal na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa mara ya pili. Hadithi ya Kanu mnayoipenda ni ya mtu aliyekubali kusimama. Mmeikata ile sehemu ya kusimama mkabakiza magoli.

Na Simbu mwenyewe... mliitazama ile mbio au mlisoma kichwa cha habari tu? Hakuongoza. Alikaa nyuma ya wengine hadi ndani ya uwanja, akampita Amanal Petros wa Ujerumani mwishoni kabisa, hadi ikabidi picha iamue. Yule alikuwa anapiga hesabu ya pumzi zake kilomita 42 nzima. Huyo Simbu namkubali, na huyo ndiye ninayemfuata.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo unakaa tu? Hapana! Hapo ndipo ninaporudi kugombana na mama mdogo.

Mtu anayekwenda kufunguliwa kifua hapaswi kwenda akiwa mnyonge kama ana namna ya kulizuia hilo. Ukilala wiki kadhaa misuli ya miguu inayeyuka, na mapafu yanazoea kupumua kwa juujuu. Halafu unapasuliwa, kifua kinauma, huwezi kukohoa vizuri, makohozi yanakaa, nimonia inaingia. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo yao kuhusu wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji wa mishipa ya moyo na waliokuwa katika hatari ya kupata matatizo ya mapafu. Waliofundishwa mazoezi ya misuli ya kuvuta pumzi kabla ya upasuaji, asilimia 18 walipata matatizo ya mapafu. Wasiofundishwa, asilimia 35. Ni kweli wale walikuwa wa mishipa, siyo wa valvu kama mimi, na sitaki kuwauzia maneno. Lakini mapafu yanayoamka kwenye maumivu ya kifua ni yaleyale.

Kwa hiyo natembea. Daktari aliniruhusu baada ya kunipima, na kanuni aliyonipa ni ya bei rahisi kuliko saa zote za mkononi zinazohesabu hatua: tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, mapigo yakianza kurukaruka, simama, na siyo kusimama kwa aibu. Basi kila asubuhi natoka Makole na mpwa wangu wa miaka tisa kabla hajaenda shule, tunaongea. Ananihadithia habari za mwalimu wa hesabu na mimi nalazimika kujibu kwa sentensi ndefu. Yeye ndiye kipimo changu. Siku za upepo mkali tunageuza mapema. Jioni nafanya kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika kitu, mara kumi, napumzika, mara kumi tena, kwa sababu baada ya upasuaji mfupa wa kifua utakuwa umeshonwa kwa waya na utachukua wiki kadhaa kuunga, na muda huo wote sitaruhusiwa kujisukuma kwa mikono nikiinuka. Miguu itabidi ifanye kazi ya mikono. Halafu navuta pumzi ndefu, nashikilia, naachia.

Na nimekwenda kwa daktari wa meno! Hili wengi hawalijui. Kabla hujawekewa valvu mpya wanataka kinywa kiwe safi, kwa sababu bakteria wa jino bovu wanaingia kwenye damu na wanaweza kujenga nyumba kwenye valvu. Nimeng'olewa moja. Hilo nalo nimelihesabu kama zoezi.

Tafadhali, msomaji mwenye ugonjwa wa moyo, usichukue ratiba yangu ukaifanya yako. Valvu zinatofautiana. Mwenye valvu ya aota iliyobana sana anaweza kuanguka ghafla kwa juhudi ndogo. Pima kwanza, uliza kwanza, kisha tembea.

Kuhusu matumaini. Nimechoka na matumaini ya jumlajumla. Utapona tu. Mungu yupo. Fikiria mazuri. Mungu yupo, sibishi, na nasali. Lakini kuna utafiti wa Ujerumani, wa Marburg, uliotoka mwaka 2017, na huo umenisaidia kuliko picha za machweo. Wagonjwa 124 waliokuwa wanasubiri upasuaji wa moyo. Baadhi yao walikaa na wataalamu wakapanga kwa undani maisha ya baada ya upasuaji: utafanya nini, lini, kwa hatua gani, na maumivu yakija utayaelewaje. Miezi sita baadaye hao walikuwa wanajimudu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Hawakuambiwa wafurahi, jamani. Walipewa kazi ya kupanga.

Basi na mimi nina daftari. Ukurasa wa kwanza: kufua nguo zangu mwenyewe kwa mikono. Mnacheka? Anayefua kwa mikono anajua kifua kinavyofanya kazi pale. Nimeliweka mwezi wa nne. Kabla yake kuna kutembea hadi duka la Mangi na kurudi. Baada yake kuna kwenda Kongwa kumalizia habari ya wakulima niliyoiacha nusu. Mbio ziko ukurasa wa mwisho, na zina alama ya kuuliza, na nimeamua hiyo alama ya kuuliza ibaki, kwa sababu nikiifuta nitakuwa najidanganya.

Kuna jambo jingine kwenye daftari lile ambalo ndugu zangu wamelijadili kikaoni bila mimi. Aina ya valvu. Ipo ya chuma, ambayo ni imara na yaweza kudumu miongo mingi, lakini utameza warfarini ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Ipo ya tishu za wanyama, ambayo mara nyingi haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa kijana inachakaa mapema, na utapasuliwa tena. Na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo msichana wa miaka 28 anaambiwa achague: kisu cha pili, au ujauzito wa hatari. Kikao cha ukoo kilikuwa na swali moja tu, eti nani atamwoa mwenye kovu kifuani! Kha! Sikulala siku mbili nikilifikiria lile la mtoto, na watu wazima wanajadili kovu. Bibi peke yake aliuliza swali la maana. Aliuliza kama nitaendelea kula mlenda. Nikamuuliza daktari. Mboga za kijani zina vitamini K, ambayo inavutana na warfarini, kwa hiyo mtu haachi mboga, anakula kiasi kilekile wiki hadi wiki bila kupandisha na kushusha. Bibi akasema hilo ndilo jibu, mengine ni kelele.

Sijachagua bado. Nitachagua mimi.

Sasa ugomvi mkubwa, niliouacha makusudi hadi hapa. Mbona hakuna aliyeniuliza valvu yangu iliharibika vipi? Sikuzaliwa nayo hivi. Nikiwa darasa la nne koo liliniuma, kama watoto wote. Nikapewa maji ya moto na chumvi. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapoa, likahamia kifundo cha mguu, likahamia kiwiko. Ikasemwa anakua huyo, mifupa inarefuka. Ile ilikuwa homa ya rumatiki. Bakteria wa koo anaitwa streptokoka, na mwili ukipigana naye baadhi yetu kinga inageuka na kushambulia viungo na valvu za moyo. Viungo vinapona. Valvu inabaki na makovu, na kila koo linaporudi kovu linaongezeka, kimyakimya, hadi siku unashindwa kumaliza mbio ukadhani ni uvivu.

Dawa ya kulizuia hilo ni penisilini. Penisilini, jamani! Dawa ya enzi za babu zetu. Kwa aliyekwishapata homa ile, sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka. Pale Gulu, kaskazini mwa Uganda, walipima watoto wa miaka 5 hadi 17 kwa eko wakawapata wenye dalili za mwanzo kabisa. Nusu wakachomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Waliochomwa, 3 kati ya 399 ugonjwa uliendelea. Wasiochomwa, 33 kati ya 400. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021, yakasomwa dunia nzima. Wenzetu hao ni hapa Uganda. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu na takribani 360,000 wanakufa kila mwaka, karibu wote nchi za watu kama sisi. Ulaya na Marekani umebaki kama historia, na hawakuumaliza kwa ushujaa.

Na hapa najigeukia mwenyewe na wenzangu wa kalamu. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaja 2015, na hilo ni jambo la kujivunia, maana kabla yake watu walikuwa wanasubiri ndege ya India. Mimi ninakwenda kunufaika nalo kwa treni ya umeme inayofika Dodoma tangu 2024, sina ubavu wa kulibeza. Lakini hesabuni habari tulizoandika. Madaktari bingwa wamewasili, wagonjwa kadhaa wamepasuliwa, mgeni rasmi amekata utepe. Nimeandika habari hizo, ninazo. Sijawahi kuandika hata moja kuhusu mtoto aliyekosa sindano ya mwezi huu. Sindano haina utepe. Mwezi uliopita nilimpelekea mhariri mmoja wazo hilo. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba halina tukio, ila kama niko tayari kuandika safari yangu ya ujasiri, na picha nikiwa na raba, ukurasa upo.

Nimemkatalia.

Jumanne mpwa wangu aliamka na koo na homa. Mama yake akaanza kuchemsha maji ya chumvi. Makoo mengi ni ya virusi na yanapona yenyewe, najua, na sikusema akanunuliwe ampiclox mbili dukani kama tulivyozoea. Nilisema akaangaliwe na mtu aliyesomea. Tukaenda Kituo cha Afya Makole kwa miguu, mimi na yeye. Yeye ana homa, mimi nina valvu, hakuna aliyemharakisha mwenzake. Njiani aliniuliza mbona leo sijibu kwa sentensi ndefu, nikamwambia leo ni zamu yake kupumzika. Amepimwa, amepewa dawa, na nimeandika kwenye daftari siku ya kumrudisha.